Pesa nene ukae benchi, au pesa ya kawaida ucheze? Soma hii kabla hujasaini

Juzi baada ya laasiri mpwa wangu kaja barazani simu iko mkononi, salamu yenyewe kaitoa nusunusu, kanionesha meseji mbili. Ya kwanza ya jamaa anayejiita meneja, timu kubwa ya Bara, mshahara ambao babaake kule Wete hajawahi kuushika hata ule msimu karafuu zilipokubali sana. Ya pili inatoka timu ya kawaida tu ya Ligi Kuu ya Bara, zile zinazomaliza nafasi ya nane ya tisa kila mwaka na hakuna anayezikumbuka, pesa yake haifiki hata thuluthi ya ile, ila kocha mwenyewe ndo kapiga simu, kamwambia beki wangu wa kulia kaondoka, namba hiyo nakuwekea wewe. "Mjomba nifanyeje?"

Baraza zima likaripuka. Nusu wanasema chukua pesa, mpira mfupi, goti likikatika nani atakuuliza ulicheza dakika ngapi. Nusu wanasema utaozea benchi, miaka miwili hakuna anayekujua. Na mamaake, dadaangu, keshasema lake kwa simu: abaki hapa hapa Zanzibar kwenye timu ya kikosi, zile za vikosi vya serikali, ajira zikitoka yumo, mambo ya Bara ayaache. Sasa mie nimecheza mpira kidogo, nimekaa benchi sana, kwahiyo hichi ninachokiandika si cha kitabuni.

Vipimo kwanza, kelele baadae

Ukilinganisha hizi ofa usiangalie namba moja ya mshahara. Angalia vitu vitano, na viangalie hivyo hivyo kwa kila timu, usiipendelee moja kwa sababu jezi yake unaipenda toka mdogo.

Pesa yote kwa ujumla, yaani dau la usajili, mshahara, bonasi, nyumba, nauli za kurudi nyumbani. Halafu dakika, utacheza mechi ngapi kweli sio za kwenye ndoto. Halafu nani kakutaka. Halafu mkataba unasemaje siku mambo yakiharibika. Na mwisho maisha yenyewe nje ya uwanja.

Hicho cha tatu ndo watu wanakiruka na mie nakiona ndo kikubwa kuliko vyote. Timu haikutaki, mtu ndo anakutaka. Kama aliyekutaka ni kocha basi una namba angalau mpaka siku atakayofukuzwa. Kama aliyekutaka ni kiongozi kwa sababu alikuona Kombe la Mapinduzi ukifanya vitu vyako pale uwanja wa Amaan na mashabiki wakapiga kelele usajiliwe, kocha anaweza kukupokea kama mtu aliyeletewa mgeni nyumbani bila kuambiwa, atakupa maji lakini chumba hana. Na kama aliyekutaka ni meneja anayetafuta asilimia yake, huyo kazi yake inaisha ukishasaini tu.

Timu kubwa, pesa nene

Pesa: ni nyingi, tusidanganyane, na kwa mtoto wa nyumba ya bati lililotoboka hili si jambo la kulifanyia mzaha. Dau linaweza kuezeka nyumba siku hiyo hiyo. Lakini uliza bonasi zinagawiwaje. Timu nyingi bonasi ya ushindi inakwenda kwa waliokuwemo kwenye kikosi cha siku ile, aliyeko jukwaani anapata kidogo au hapati, kwahiyo yule mwenzio mnayelingana mshahara anakuacha kila wiki. Uliza pia dau linatoka lote au kwa mafungu, maana mafungu yana tabia ya kusahauliwa.

Dakika: hapa ndo penye utata. Ligi Kuu ya Bara ina timu 16, mechi 30, na timu kubwa inaongeza kombe la ndani, Mapinduzi na mechi za Afrika, kwahiyo mechi ni nyingi na kocha lazima azungushe watu. Mtu akisema ukienda kule hutocheza kabisa anazidisha. Mtazame Ibrahim Hamad, Bacca wetu. Kaondoka KMKM, timu ya kikosi ya hapa kwetu, kwenda Yanga Januari 2022, kakuta mabeki wa kati wenye majina yao, Dickson Job na Bakari Mwamnyeto, akasubiri. Akafanya mazoezi, akasubiri tena. Nafasi ilipokuja akaishika na hajaiachia, leo ukitaja ukuta wa Yanga na Taifa Stars unamtaja yeye. Angeogopa benchi asingefika pale.

Sasa upande wa pili, wangu mie. Nilikwenda Bara msimu mmoja, timu siitaji, kila mechi tunapashwa misuli nyuma ya goli tumevaa zile bibu za kijani, kocha msaidizi anainua mkono natoka mbio nadhani mie, kumbe anamwita wa pembeni yangu. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya kumi hata mbio hutoki vizuri, unanyanyuka taratibu kama mtu aliyeitwa kwenye hesabu. Msimu umeisha njumu zangu bado zinang'aa. Niliporudi hapa uwanja wa Mao kucheza na vijana wa mtaani dakika ya 60 mapafu yakakataa, na mazoezi nilifanya kila siku! Pumzi ya mazoezini na pumzi ya mechi ni vitu viwili, hilo hakuna mtu aliniambia.

Na sio mie tu mtu mdogo. Luis Miquissone alipokuwa Simba alikuwa hashikiki, 2021 Al Ahly ya Misri wakamchukua, timu kubwa kuliko zote Afrika, pesa haina mjadala. Dakika zikawa haba, wakamtoa kwa mkopo Saudi Arabia, 2023 karudi Simba na watu wakabaki wanamtafuta yule Luis wao wa zamani. Lakini Fiston Mayele mwaka 2023 nae katoka Yanga kwenda Misri, Pyramids, na yeye kacheza, kafunga, 2025 wakachukua ubingwa wa Afrika na goli lake kwenye fainali ya marudiano limo. Nchi ile ile, pesa nene wote wawili. Mmoja kafika kapanga foleni, mwengine kafika mahali palipokuwa panatafutwa mshambuliaji wa kati.

Nani kakutaka: timu kubwa makocha wanabadilika kama maji kupwa na kujaa, kwahiyo hata kama kocha ndo kakutaka, jiulize akiondoka Disemba utabaki na nani.

Mkataba: soma ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Kanuni za FIFA za uhamisho zinasema timu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, ukaipa barua ya kudai na siku 15, haikulipa, unaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Hiyo ijue kwa moyo. Kuna nyengine inayohusu dakika hasa, mchezaji aliyekwisha komaa akicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za timu yake kwa msimu anaweza kuomba kuondoka, lakini lazima aidai ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho ya msimu, na kila kesi inaangaliwa kivyake. Kijana wa miaka 20 usiitegemee, watakwambia bado hujakomaa.

Maisha: Dar boti ni saa mbili tu, mama unaweza kumuona. Jina la timu kubwa linakufungulia milango, ila linakuletea na ndugu usiowajua. Basi hapa sina mengi.

Timu ya kawaida, namba ni yako

Pesa: ndogo, na wakati mwengine inachelewa, hili uliingie macho wazi. Kuna timu mshahara unaingia tarehe 5, kuna timu unaingia ukipiga simu. Waulize wachezaji waliopo, sio viongozi. Tafuta mmoja unayemjua mpigie usiku akiwa kwao, atakwambia vyote.

Tufanye hesabu ya mfano tu, namba nimezitunga ili tuone. Timu kubwa inakupa milioni 3 kwa mwezi na dau milioni 15, miaka miwili inakuwa milioni 87. Ya kawaida inakupa laki 9 bila dau, miaka miwili milioni 21 na laki 6. Tofauti zaidi ya milioni 65, hiyo nyumba nzima ya matofali. Sasa miaka miwili mengine. Aliyekaa benchi kapewa thenkyu, kapata timu ya laki 7, anaongeza milioni 16 na laki 8, jumla yake milioni 103 na laki 8. Aliyecheza kaonekana, kasajiliwa kwa milioni 3 na dau milioni 20, anaongeza milioni 92, jumla milioni 113 na laki 6. Kwahiyo baada ya miaka minne mchezaji kamzidi wa benchi kwa milioni 9 na laki 8 tu, na hapo tumechukulia kila kitu kimemuendea vizuri, hakuumia, timu haikushuka, alionekana. Watu wa baraza wanaosema ukicheza pesa itakuja yenyewe hawajapiga hii hesabu. Lakini pia yule wa miaka 20 baada ya miaka minne ana 24 na bei yake ndo kwanza inapanda, mwenzie ana 24 na anatafuta timu. Hiyo haimo kwenye jumla.

Dakika: ndo utajiri wake. Ukicheza mechi 25 kwa msimu unakutana na Simba, Yanga na Azam nyumbani na ugenini, yaani mara sita skauti wote wapo uwanjani na tivii iko, na wewe ndo unayemkaba winga wao. Mbwana Samatta mwenyewe, mshambuliaji wa Taifa Stars, ngazi zake zilikuwa hivi: Simba, 2011 TP Mazembe ya Kongo, akacheza pale miaka mpaka akawa mfungaji na bingwa wa Afrika 2015, Januari 2016 Genk, 2019 bingwa wa Ubelgiji, ndo 2020 akafika Aston Villa. Hakuna hatua aliyoruka, na kila alipohama alikuwa ametoka kucheza.

Ila dakika nazo zina maudhi yake. Viwanja vingine vigumu kama baraza hili tulilokalia. Unacheza umeumia kwa sababu hakuna wa kukubadilisha. Safari za basi za siku nzima. Na timu ikishuka daraja na wewe umo kwenye picha.

Nani kakutaka: kwa kawaida kocha, maana timu hizi hazina pesa ya kusajili watu wa mapambo.

Mkataba: hapa una nguvu kuliko unavyodhani. Huna haja ya kubishana mshahara sana, bishana miaka. Omba mmoja, isizidi miwili. FIFA inaruhusu mpaka miaka mitano, na chini ya miaka 18 mwisho mitatu, lakini usijifunge minne kwa laki 9 halafu ukiwaka timu inakuuza kwa bei inayotaka yenyewe. Ukibakisha miezi sita una ruhusa ya kuzungumza na timu nyengine. Na uandikiwe kabisa bei ya kuondoka, na matibabu ukiumia analipa nani.

Maisha: mji mdogo, nyumba ya pamoja na wenzio wanne, baridi ya mikoani ambayo mtoto wa pwani haijui. Ramadhani ya kwanza ugenini utalia, hilo nakuhakikishia.

Na mama aliyesema abaki?

Wanaochambua mpira wa Bara hawaigusi hii, lakini kwetu hapa ipo. KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo ni timu za vikosi, na vijana wengi wameingia kazini kupitia miguu yao. Mshahara si wa kutikisa mji lakini haukatiki goti likivimba, na ukitundika daruga una kazi, baadae una kiinua mgongo. Dakika zipo. Mechi za Afrika zipo, maana bingwa wetu anakwenda Ligi ya Mabingwa. Na Januari nyingi timu kubwa za Bara zinakuja zenyewe kwenye Kombe la Mapinduzi. Mlandege ambayo wala si ya kikosi imechukua Mapinduzi 2023 na 2024, na ile ya 2024 fainali wamemfunga Simba 1-0 pale Amaan, kwahiyo usiseme huku hakuonekani.

Nae Feisal Salum, Fei Toto, katokea JKU na Bacca KMKM, milango haifungwi. Tatizo lake ni moja tu, raha. Ukishapata sare na mshahara mdogo wa uhakika kila mwezi, ile njaa ya kuamka alfajiri kukimbia pwani inapungua, nimewaona wengi, wana miaka 23 na vitambi.

Kuna wanaopata vyote viwili

Mifano ya Feisal inatumika vibaya sana barazani. Yeye Yanga alikuwa na namba, hakukimbia benchi. Disemba 2022 kagombana na timu juu ya mkataba, shirikisho la mpira la Tanzania likasema bado ni mchezaji wa Yanga, na mpaka Juni 2023 alipokwenda Azam ikawa hachezi. Katikati hapo Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, yeye yuko nyumbani anatazama kama sisi. Msimu uliofuata akafunga magoli 19 ya ligi, nyuma ya Aziz Ki wa Yanga mwenye 21. Kwahiyo alifuata maslahi, ndio, lakini aliyafuata mahali alipojua ataanza kila mechi, na bado njia ya kutokea ikamgharimu nusu msimu.

Na yupo wa pembe ya pili kabisa, Mholanzi Winston Bogarde, Chelsea walimsajili 2000 miaka minne, kacheza mechi tisa tu za ligi, timu inataka aondoke yeye hataki, mkataba ni mkataba, kakaa mpaka 2004 analipwa. Dunia ikamcheka. Mie zamani nilimcheka, sasa simcheki, alikuwa na karibu miaka 30 na alikwishacheza Ajax na Barcelona, alikuwa anakusanya chake. Lakini kijana wa miaka 20 akifanya hivyo sijui nimwite nani.

Wewe uko wapi?

Kama una chini ya miaka 22 na hujacheza msimu mmoja mzima wa ligi ngumu, mie naegemea dakika. Timu kubwa nenda tu kama kocha mwenyewe kazungumza na wewe, au kama mkataba unasema usipocheza nusu msimu unatoka kwa mkopo dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu. Mkopo uandikwe, usiahidiwe.

Una miaka 24 mpaka 27, umeshacheza, unajulikana: hapa pesa nene ina maana, gombania namba, hata ukikaa miezi sita jina halipotei. Tazama tu nani anacheza nafasi yako na mkataba wake unaisha lini. Kama ni nahodha na kasaini miaka mitatu juzi, fikiri tena.

Umefika 30, goti linalia ukipanda ngazi za boti: chukua pesa, kaa benchi, wafundishe wadogo, wala usione haya.

Golikipa hesabu yako ni nyengine kabisa. Nafasi ni moja, kocha habadilishi golikipa kwa kuchoka, unaweza kumaliza msimu mzima hujagusa mpira. Lakini makipa mnacheza mpaka 36, subira inawalipa kuliko winga ambaye miguu yake ina miaka minane tu.

Nyumbani kuna mgonjwa, kuna wadogo wa skuli na wewe ndo tegemeo: hakuna mtu mwenye haki ya kukwambia usifuate pesa. Ila omba dau liwe kubwa na mshahara uwe mdogo kidogo, maana dau likishaingia limeingia. Au kikosi, kama ajira ipo kweli na sio maneno ya mazoezini.

Na kama Taifa Stars au Zanzibar Heroes ndo iliyoko moyoni, kocha anaita wanaocheza, basi.

Mpwa wangu ana 20. Nilimwambia asijibu kitu siku ile, amuulize yule meneja swali moja tu, kocha kasema nitacheza wapi. Kaandika pale pale barazani, tumemzunguka wote, kahawa zinapoa. Jibu limekuja baada ya isha: "Kocha mpya anatua wiki ijayo mdogo wangu, we saini kwanza, nafasi hizi zinagombewa."

Muuza kahawa, yule aliyekuwa anapigia debe pesa toka mwanzo, kaisoma mara mbili kisha kamrudishia simu. "Huyo kocha atakayekuja," kasema, "anakujua jina?"